Kikohozi cha Jenerali

Makongeni, Thika
19 Januari 2025

Kwako Levis,

Hongera. Nasikia umekuwa mtu mkubwa huko Doha. Jana Jerusha aliniletea simu nikiwa nakunywa uji, huku anacheka, akasema, "Hebu mwone kijana wako." Nikatazama. Sebule imejaa Wakenya na Waganda wamekaa sakafuni, shuka jeupe limetundikwa ukutani, na kwenye shuka ile filamu yetu ya wageni wa angani waliokuja duniani kutafuta chumvi. Kisahani kinashuka kikining'inia kwa uzi, uzi wenyewe unaonekana, na watu wanavunjika mbavu. Klipu imewekwa na msichana anayeitwa Damaris. Ameandika chini yake kwamba huyu ndiye Levis wake, fundi wa kutafsiri filamu, na Ghuba nzima hakuna mwingine.

Halafu jenerali akasimama mbele ya ramani, akafungua mdomo, akakohoa.

Levis, kile kikohozi nakijua. Ni changu. Kilinitoka tukirekodi, nikashindwa kukizuia, nikamsingizia jenerali, nikasema, "Samahani waheshimiwa, vumbi la bomu la nyuklia limeniingia kooni." Wewe ulikuwa umeshika nyaya. Uliniuliza kama turudie, nikakuambia wacha, imekaa vizuri. Wiki hiyo hiyo daktari alikuwa ameshanieleza kilichokuwa kooni mwangu, na hakikuwa vumbi.

Uliniandikia kutoka huko kwamba diski uliyoondoka nayo ilianguka uwanja wa ndege ikafa na filamu zote nane. Niliamini. Nilikutumia pole mimi, niliyepoteza. Kumbe imefufuka, na inakutafutia wachumba.

Sitaki ugomvi. Hali yangu unaijua. Nilikuwa mtu wa kusimulia filamu papo hapo, maiki mkononi, pale kwenye kibanda cha video, na wale wa kurekodi nilikuwa nawacheka. Zile nane nilizirekodi kwa sababu nilijua naenda kukatwa koromeo. Kompyuta iliibiwa nikiwa wodini, simu ya zamani iliingia maji, na kwenye video ya harusi yangu na Jerusha naimba ndani ya kwaya, huwezi kunitoa huko. Hakuna mahali pengine ninaposikika. Daisy alikuwa wa miezi mitatu siku waliponifungua shingo. Sasa ana miaka minne. Hospitali walinipa kile kimashine cha kubandika shingoni, nikakibonyeza nikamsalimu mtoto, na kumbe kinaongea kama hao viumbe wa sayari wenyewe. Alijificha chini ya kitanda, tukamtoa kwa kumbembeleza. Nimekiweka kabatini.

Nitumie nakala. Zote nane, au hata moja. Nataka mtoto wangu anisikie.

Ni mimi,
Ndirangu


Fereej Bin Mahmoud, Doha
2 Februari 2025

Mwalimu wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Daisy na kwa Daisy mwenyewe. Barua yako imenitoa machozi. Nimefurahi umeiona klipu, ila hapo kwingine umenionea kidogo, na kwa kuwa ni wewe sikasiriki.

Kile kikohozi ni changu. Nilikaa kando ya kiti chako miaka mingi nikibeba mabenchi na kufunga nyaya, unafikiri sikushika kitu? Kazi zako nilizikariri neno kwa neno, mpaka mahali unapovuta pumzi. Nikifika kwa jenerali nakohoa kwa heshima yako. Diski ilikufa kama nilivyokuambia, na nililia. Filamu zenyewe nilizipata tena mtandaoni. Ni za miaka ile ya kuogopa nyuklia, zimeachwa tu huko, hakuna anayezitaka.

Nikueleze tunavyofanya. Ijumaa, maana huku ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada hata kwetu Wakristo, tukitoka kanisani Mesaimeer, watu wanakuja kwetu. Faridah wa Kampala anatoka msikitini kwake na sufuria ya pilau. Walinzi wenzangu wa hoteli kule Al Sadd wanakuja na yunifomu zao, wengine wanasinzia wakiwa wamekaa. Mimi naketi nyuma ya pazia na maiki, maana nikiona macho ya watu naingiwa na aibu, unanijua. Filamu hizi wanazipenda kuliko mpya. Wanapenda kwamba wageni wamekuja kuiteka dunia nzima na wako watatu tu, na mmoja zipu yake ya mgongoni inaonekana. Wanapenda jangwa, kwa sababu hilo wanalijua. Kuna pale mgeni anashuka jangwani saa sita mchana amevaa koti la mpira, na hapo huwa natamani kusema, masikini, huyu naye agenti alimdanganya, aliambiwa ni kazi ya ofisi.

Damaris ni nesi, mtu wa Webuye, ameokoka na ana akili. Anasema aliipenda sauti kabla hajaona uso. Tuombee.

Mwanafunzi wako,
Levis


Makongeni, Thika
11 Februari 2025

Levis,

Huwa unatamani kusema? Maiki si unayo wewe? Sema basi! Utani wa agenti ni mzuri kweli, ungeangusha kibanda kizima, na kwenye klipu mgeni anashuka jangwani na hausikiki. Kinachosikika ni mimi, nikisema joto hili ni kama la Makongeni kabla ya mvua ya masika. Halafu profesa anamwuliza binti yake kama amepitia kwa Mama Njambi kuchukua githeri. Hao Waganda wanamjua Mama Njambi wapi? Hata wewe mwenyewe ulikuwa humlipi.

Na pazia ni la nini? Msimulizi anakaa katikati ya watu, anawaona nani amesinzia na nani amekuja na mke wa mtu. Nilikueleza sababu ya kuchagua filamu hizi. Waliozitengeneza hawakuwa na pesa za vita, kwa hiyo wanakaa chumbani wakijadiliana mbele ya ramani, midomo yao iko mbali na kamera, na viumbe wenyewe hawasemi, wananguruma tu. Kila kimya pale ni nafasi yako. Nyuma ya pazia unajaza kimya gani?

Na ulimi je? Umeponea wapi? Mimi namkumbuka Levis akiagiza chai na chapati, chai inapoa, chapati haijatoka mdomoni. Watu walikuwa wanakusaidia kumalizia sentensi ili waende nyumbani. Leo unasimulia saa nzima bila kukwama. Muujiza huo ungetangazwa na kanisa lako.

Jerusha anaye huyo Damaris kwenye simu, wanasalimiana tangu klipu. Nitumie sauti yangu au nitamwandikia nimweleze anachokipenda ni koo la nani.

Ndirangu


Doha
1 Machi 2025

Ndirangu,

Ndiyo. Ni sauti yako. Diski haikuanguka popote. Nilikata pale mwanzoni unapojitaja jina, na kila mahali mgeni anapoongea, nikaweka muziki, na nyuma ya pazia nafungua mdomo na kuufunga, basi.

Ulimi haujapona. Damaris nimemwambia hunikwama nikiwa mbele za watu, ila nikishika maiki unafunguka. Ameamini, kwa sababu kuna watu ambao kwao hilo ni kweli. Mimi ningejua kama ni kweli kwangu kama ungewahi kunipa ile maiki hata mara moja.

Sasa nikuulize na mimi. Yule mgeni wa chumvi anaongeaje?

Unakumbuka ulivyompata? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ulinituma soda. Niliporudi kibanda kizima kilikuwa chini kwa kicheko, na mgeni alikuwa anasema, "Ni-ni-ninataka chu-chu-chumvi," kwa sauti yangu mimi. Na hili jicho langu linalojifunga neno likikwama, ulikuwa umesimama mbele yao unalifunga la kwako. Tangu siku hiyo mtaa wote waliniita Sayari. Nilipomzika mama yangu nilisimama niseme neno moja tu la kumuaga, likakwama, na mtu akaita kutoka nyuma, mpeni chumvi. Walicheka mbele ya jeneza. Wewe ulikuwepo. Nilikuona umeinamisha uso kuficha meno.

Na tulipokuwa tunarekodi, unajua kabisa hii ndiyo mara ya mwisho utaongea, uliniambia nisikilize vizuri huyo mgeni, nikusahihishe kama hujanipata sawasawa. Nami nikakusahihisha. Nilikuambia ukokote zaidi kwenye "chumvi". Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Nakuchukia, Ndirangu, na sauti yako naisikia kila Ijumaa watu wakinipigia makofi.

Nitakutumia mwezi wa sita. Kakake Damaris anakuja kunitazama kabla ya hapo, na baada ya hapo sitaihitaji tena. Ukimwandikia kabla, hutasikia chochote maisha yako yote.

Levis


Makongeni, Thika
10 Machi 2025

Levis,

Unataka pole. Wacha kwanza nikueleze jambo la kazi, maana inaonekana hukujifunza. Kabla ya ile sauti, yule mgeni alikuwa mtu ndani ya koti la mpira anayetembea kama ana jipu. Hakuna aliyemwogopa, hakuna aliyemcheka. Nilihitaji kitu cha kumweka mdomoni. Kilikuwa karibu nami, kimebeba soda, nikakichukua. Msimulizi yeyote angekichukua. Watu walikuja kutoka Juja kumsikia huyo mgeni. Wewe ulikuwa unalala kwenye kibanda changu na kula kwenye sahani yangu, na hukuwahi kuniambia inakuuma. Ningesubiri mpaka uliseme, tungezeeka.

Kwenye mazishi nilicheka. Kilichekesha. Pole. Hiyo nimeiandika, umeisoma.

Damaris sitamwandikia. Mwezi wa sita nimekubali.

Ila nikwambie la Daisy, ujue unachokalia. Ana tabia ya kupokea simu ya mama yake, na akisikia sauti ya mwanamume anauliza, "Ni baba?" Mimi niko palepale kwenye kiti nikimtazama. Ananijua ni babake, ananipenda, analala kifuani pangu, lakini kichwani mwake sauti ya baba ni kitu kilichoenda safari na kitapiga simu siku moja. Wiki iliyopita alikuwa mtu wa kampuni ya maji. Huyo mpumbavu akamwambia ndiyo, kwa mzaha, akamwuliza amekula nini. Mtoto alitembea na ile simu nyumba nzima akimweleza habari za paka. Jerusha aliingia chooni akafunga mlango.

Nilikuwa na sauti ambayo watu walilipa kuisikia, Levis, na mwanangu anaitafuta kwa mtu wa maji. Inaniuma kuliko kisu cha daktari.

Ndirangu


Makongeni, Thika
3 Julai 2025

Levis,

Mwezi wa sita umeisha.

Nimekaa kimya kama nilivyoahidi. Kwangu kukaa kimya ni rahisi, utasema. Tuma hata dakika moja. Tuma pale msimulizi anapoanza, "Sogeeni karibu, wenye watoto wawapakate." Hiyo tu, asikie.

Ndirangu


Doha
22 Agosti 2025

Kwako Baba Daisy,

Hatujaonana. Mimi ni Damaris, na anwani yako nimepewa na Mama Daisy. Naandika kwa unyonge kidogo kwa sababu nimejua jambo ambalo nadhani unalijua tayari.

Ijumaa iliyopita tulikuwa wengi kwa Levis. Filamu ilikuwa inaendelea, ile ya wageni na chumvi, jenerali anawahutubia wanajeshi wake. Mimi nilienda jikoni kuchukua vikombe. Nikamkuta Levis amesimama pale anamwaga majani ya chai kwenye sinki, na kutoka sebuleni jenerali bado anahutubia. Tulitazamana. Alijaribu kuniambia kitu na neno likamkwama, na huko jenerali anaongea tu, anaongea, watu wanacheka. Ilikuwa karibu nicheke na mimi, ila sikuweza.

Usiku wa siku hiyo alinieleza yote: yako, ya Daisy, ya diski. Alilia sana. Ile sababu yake ya kukuchukia hakunieleza vizuri, alisema mlikosana kazini. Anaamini ni wewe uliyeniambia na kwamba ile ya jikoni nilipanga. Nimemwapia kwamba hujaniandikia hata neno, hanielewi.

Mimi ni nesi, Baba Daisy. Wagonjwa waliokatwa koromeo nimewauguza, najua mtu hubaki na nini. Nimemwambia Levis kigugumizi chake hakinisumbui, ningempenda hata akiwa bubu. Kinachonisumbua ni kumnyima mtoto sauti ya babake. Nimempa sharti moja. Akurudishie filamu zote nane mbele ya macho yangu, ndipo tuendelee na habari za harusi. Asipofanya, aende zake.

Amekubali. Zitakuja wiki ijayo. Mbusu Daisy kwa niaba yangu.

Dada yenu,
Damaris


Doha
30 Agosti 2025
Nakala kwa Damaris

Mwalimu wangu mpendwa,

Damaris yuko hapa kando yangu na anakusalimu sana. Nimetuma filamu zote nane leo. Ameyaona mafaili yakipanda moja baada ya jingine, tumekaa tukingoja mpaka la mwisho, na mtandao ulitusumbua, ila zimefika.

Nimekaa na kitu chako muda mrefu, na sina la kujitetea. Wewe ndiye uliyenitoa mtaani, ukanilisha, ukanifundisha kazi. Nilikuwa na uchungu wa kijinga wa ujana na nimeuweka chini. Nakuomba msamaha wewe, na Mama Daisy, na Daisy, ambaye nimemnyima haki yake.

Kuanzia sasa Ijumaa sitasimulia. Tumeamua tutawawekea watu kandanda.

Furahini kumsikia baba.

Wako mtiifu,
Levis


Doha
30 Agosti 2025

Ndirangu,

Damaris ameenda zamu. Hii haina nakala.

Zile nane nilizokutumia nimezifanyia kazi kidogo. Jenerali nimemnyamazisha. Profesa nimemnyamazisha, na binti yake, na polisi, na yule mkulima mwenye ng'ombe, na wewe mwenyewe pale unaposema sogeeni karibu. Midomo inacheza, sauti hakuna. Nimemwacha mmoja tu. Yule umpendaye, uliyesema watu walitoka Juja kumsikia. Wakati tunarekodi ulimweka kwenye filamu zote nane, hukumbuki? Hukuweza kujizuia. Kwa hiyo ziko zote nane kweli, sikumdanganya Damaris.

Kazi safi, utaona. Ulinifundisha kukata.

Usitafute nyingine. Diski nimeifuta juu mpaka chini, kisha nikaifuta tena. Ungenyamaza kama ulivyoahidi, ungezipata zikiwa kamili. Najua ni wewe uliyemwambia, hata aape vipi.

Mpe mtoto sauti ya baba.

Sayari


Makongeni, Thika
14 Septemba 2025

Kwako Levis,

Zimefika. Jerusha aliazima kompyuta kwa mwalimu jirani, akamwogesha mtoto, akamvalisha gauni la kanisani. Ndugu yangu alikuja na familia yake. Wote walijua ninachosubiri. Daisy alikaa mapajani mwangu, na kisahani kikashuka kwa uzi wake, na watoto wakacheka.

Jenerali akafungua mdomo, kimya. Jerusha akaongeza sauti mpaka mwisho. Profesa, kimya. Daisy aliniuliza baba unaongea saa ngapi. Nilikuwa nimeshasoma barua yako ya pili asubuhi ile, na sikuwaambia. Nilitumaini ni vitisho. Nilifikiri mtu hawezi.

Kisha mgeni akatoka kwenye kisahani, akasema analotaka.

Ndugu yangu aliangalia sakafu, maana anakukumbuka. Daisy aliruka akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. "Ni wewe, baba?" Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanya nini? Koo ni langu. Alifurahi, Levis, sijawahi kumwona amefurahi hivyo. Aliomba irudiwe mpaka wageni wakaaga.

Anaitazama kila siku. Simu hapokei tena, hana haja. Ameanza kuongea hivyo na yeye, akiomba ma-ma-maji, na jicho moja analifunga, sijui amelitoa wapi, mimi sikumwonyesha. Mwalimu wa chekechea amemwita Jerusha. Watoto wengine wameshampa jina. Jerusha alirudi nyumbani akaniuliza kama nakumbuka mazishi ya mama yako. Nilikuwa sijui kwamba na yeye aliniona nikicheka.

Damaris ameniandikia. Harusi ni Desemba, ananishukuru kwa moyo wangu wa kusamehe, anauliza Daisy alifanya nini alipomsikia baba. Sijamjibu. Nikimweleza ulichofanya itabidi nimsikilizishe, na akisikia mara moja tu atamjua huyo anayeigizwa ni nani, na kwamba anayemwigiza ni mimi. Nimeandika barua hiyo mara kadhaa na mara zote nimeifuta. Umenifunga vizuri. Kama ningekuwa wewe ningefanya vilevile, na hiyo si sifa kwa yeyote kati yetu.

Nakuandikia kwa sababu moja. Tafuta. Labda kuna kipande mahali, kwenye simu ya mmoja wa wale walinzi, kwenye klipu ya Faridah. Ile ya Damaris ya Januari ameiondoa, nimeangalia, na sikuihifadhi nilipoweza, nikingoja zile kamili. Hata kikohozi tu. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu, nilikuwa nakuagiza.

Jana Jerusha alishindwa kuvumilia. Alifunga kompyuta, akamkalisha Daisy kitandani, akamweleza polepole kwamba hapo baba alikuwa anaigiza mtu, kwamba ile si sauti yake ya kweli. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alishuka kitandani, akaibeba ile kompyuta kwa mikono miwili, akaniletea kwenye kiti, akaiweka mapajani mwangu na kuifungua.

"Haya, baba," akasema. "Weka ile ya kweli."

Ndirangu